Akaunti ya Shemeji

Nyumbani walimwita Chiriku, na hakuna aliyemwonea kwa jina hilo. Tangu alipojifunza kusema hakuwahi kunyamaza. Alisema akila, alisema akifua, alisema hata mlango ukimbana kidole, na ukimpa siri asubuhi, kufikia mchana jirani wa nyumba ya tatu alikuwa anakupa pole. Mama yao alikuwa akitania kwamba mtoto huyu alimeza redio, na redio yenyewe haina kitufe cha kuzimia.

Ndiyo maana ukoo mzima ulishangaa kwamba huyu huyu Chiriku, sasa mtu mzima wa miwani anayeandika programu za simu kwa mshahara, ndiye aliyepewa siri kubwa kuliko zote za familia ile, na hakuidondosha. Siri yenyewe ilikuwa mahali anapoishi Dada.

Dada alikuwa mkubwa wake kwa tumbo moja. Aliondoka kwa mumewe akiwa na mfuko mmoja wa nguo na mkono wa kushoto ndani ya plasta, na alikokwenda alimwambia mtu mmoja tu. Kwa nini amchague Chiriku, mdomo wazi kuliko wote? Dada alisema, "Wewe ukiamua kunyamaza, hakuna atakayeamini kwamba unajua kitu." Alikuwa sahihi. Mama alilia, shangazi akabembeleza, mjomba akatisha kumkana hadharani. Chiriku akasema hajui, kisha akahamia kwenye habari za bei ya vitunguu, nao wakakata tamaa. Walisema angekuwa anajua angeshasema zamani.

Tuseme ukweli kuhusu Shemeji, maana najua tayari kuna mtu ameshamchora kichwani: jitu lenye macho mekundu na harufu ya pombe. Futa hilo. Shemeji alikuwa mtu wa sauti ya chini na viatu vinavyong'aa. Alikumbuka nani anaumwa goti na nani ana mtihani. Alikuwa na mkono wazi kwa wakwe zake, na Mama alimsifu mbele ya majirani mpaka majirani wakachoka. Dada alipigwa mlango ukiwa umefungwa, na baadaye mtu yule yule akatoka kwenda kumnunulia dawa ya maumivu, akamsalimia kila aliyekutana naye njiani. Dada aliwahi kwenda kuripoti polisi. Aliambiwa arudi nyumbani wakayazungumze kama watu wazima.

Halafu kulikuwa na keki. Kila siku ya kuzaliwa ya Dada ilipofika, muda wa chakula cha mchana, Shemeji alitokea pale pale alipo mkewe, iwe kazini au saluni, na boksi jeupe mikononi. Alipiga goti mbele ya watu. Watu wakapiga makofi, wanawake wengine wakafuta machozi na kuwatazama waume zao kwa lawama. Dada alimwambia Chiriku kwamba aliyaogopa makofi yale kuliko vipigo, kwa sababu baada ya makofi hakuna aliyemwamini.

Simu ya Chiriku nayo ilitoka kwa Shemeji. Alipomaliza masomo, Shemeji alimletea simu ya maana, si ya kubahatisha, tena alikuja nayo ikiwa tayari kwa matumizi. Laini ilikuwa ndani, akaunti imefunguliwa, jina lake "familiayetu" likifuatiwa na namba ya nyumba yao. "Ili namba za ndugu zisipotee, shemeji," alisema. "Wewe ingiza tu, zitajihifadhi zenyewe." Chiriku alimshukuru mpaka akamaliza maneno, jambo lisilo la kawaida kwake. Baadaye aliweka barua pepe yake mwenyewe, akabadili namba ya siri ya kufungulia, na Dada alipotoroka akazima kila kitu kinachoweza kuonyesha mahali mtu alipo. Alijiona amemaliza. Namba mpya ya Dada aliihifadhi kwa jina la Fundi Bomba, akacheka peke yake kwa ujanja huo. Na kwa kuwa yeye na njia ni maadui wa siku nyingi, chini ya namba aliandika anwani yote: nyuma ya duka la dobi, panda ngazi za nje, mlango wa kijani.

Asubuhi ya siku ninayoisimulia, akiwa anapiga mswaki, simu ilimwonyesha kijikeki kidogo na maneno: leo ni siku ya kuzaliwa ya Fundi Bomba. Chiriku akacheka mpaka povu likamtoka puani. Kweli ilikuwa siku ya Dada. Akawaza kwamba huenda aliandika tarehe hiyo mwenyewe akasahau, maana mambo anayoyasahau ni mengi. Akasuuza kinywa, akavaa, akaenda kazini. Ila njiani kitu kidogo kilikuwa kinamkera, na hakujua ni nini.

Ofisi yao ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la matairi, na harufu ya mpira ilipanda mpaka ndani ya chai. Walikuwa watu sita na feni moja. Bosi alikuwa mnene mwenye roho safi, aliyependa wateja, mikutano na chochote kinacholika. Simu ya kampuni ya kufanyia majaribio ilianguka ngazini siku nyingi, na badala ya kununua nyingine Bosi alitunga sheria: jaribu kwako kwanza. Kila mwandishi wa programu alizijaribu kwenye simu yake mwenyewe, na mara mbili mtu alifuta picha za harusi yake kwa ajili ya kampuni.

Kazi ya Chiriku wiki ile ilikuwa programu ya kupanga majina ya simu. Mteja alikuwa amechoka na watu wanaolia kwamba wamebadilisha simu na namba zimepotea. Alitaka kila jina lionyeshe nyumbani kwake ni wapi: kwenye laini, kwenye simu yenyewe, au kwenye akaunti fulani ya barua pepe. Kwa maneno, kazi ni nyepesi. Chiriku aliandika, akabonyeza, programu ikajifunga usoni pake. Akarudia, ikajifunga tena.

"Inakataa kunipa akaunti," alilalamika.

Aliyekaa meza ya pili aliitwa Mchoraji, kwa kuwa ndiye aliyechora kurasa za programu zao zote. Alikuwa mwanamke wa maneno ya kuhesabika, na Bosi aliwakalisha jirani akitumaini kwamba watagawana tabia. "Unamuuliza nani?" akasema bila kuinua kichwa.

Swali hilo ndilo lililomfungua macho. Alikuwa anauliza kwenye jina lenyewe, lile mtu analoliona kwenye kioo. Lakini jina hilo ni mkusanyiko tu. Mtu mmoja anaweza kuwa na vipande viwili au vitatu vilivyogundishwa pamoja, kimoja kimetoka kwenye laini, kingine kwenye barua pepe, na akaunti imeandikwa kwenye kipande, si kwenye mkusanyiko. Inabidi ulichukue jina, uende chini kwenye vipande vyake, uulize kila kipande: wewe ni wa nani? Chiriku akajigonga paji la uso, akabadilisha mistari yake, akabonyeza.

Orodha ikaanza kushuka kwenye simu yake, kila jina na akaunti yake pembeni. Akapiga yowe la furaha, Bosi akapiga kofi moja kutoka ofisini kwake. Chiriku akaanza kuzisoma. Shangazi, familiayetu. Fundi wa viatu, familiayetu. Mama, familiayetu. Daktari wa meno, familiayetu.

Kidole chake kikapunguza mwendo. Barua pepe yake mwenyewe haikuonekana popote. Aliitafuta kwa macho kutoka juu mpaka chini. Majina yote, ya zamani na mapya, ya ndugu na ya watu aliokutana nao mwezi uliopita, yalikuwa chini ya neno lile moja. Na katikati yao, limetulia kama mengine, lilikuwepo jina la Fundi Bomba.

Fundi Bomba, familiayetu.

Siku ile ya zawadi Shemeji alisema ingiza tu, zitajihifadhi zenyewe, na kweli zilijihifadhi. Kila alipoongeza jina, simu ilipeleka kwenye akaunti ya kwanza kuwekwa, na juu kabisa ya ukurasa, kwa herufi ndogo, ilimwambia inapeleka wapi. Chiriku aliandika kurasa za namna ile kwa mshahara. Aliulipia umeme wake kwa kurasa za namna ile. Hakuwahi hata siku moja kusoma herufi zile kwenye simu yake.

Na aliyefungua akaunti alikuwa na ufunguo wake. Chochote kilichoingia huku kilionekana kule. Namba ya Dada na anwani yake, mpaka rangi ya mlango.

Ndipo akakumbuka kijikeki cha asubuhi, na sasa akajua kilichokuwa kinamkera njia nzima. Yeye hakuandika ile tarehe. Hajawahi kuandika siku ya kuzaliwa ya mtu yeyote kwenye simu, hata ya mama yake mzazi. Kuna mtu alilifungua jina la Fundi Bomba, akasoma anwani, akamtambua, na kwa mkono uliotulia akaongeza siku ya kuzaliwa ya mkewe, kama mume mwema anayejikumbusha. Na siku yenyewe ndiyo leo.

Chiriku aliogopa. Sina namna ya kulipamba hilo. Aliogopa mpaka masikio yakaziba, akawa anaiona midomo ya wenzake ikicheza bila sauti. Akapiga namba ya Dada. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena, ikaita mpaka ikakatika. Saa hizo Dada alikuwa chini kwa dobi, alikofanya kazi, akipiga pasi, simu ameiacha juu chumbani, na hatapanda ngazi mpaka muda wa kula. Muda wa kula ndio muda wa keki.

Kidole chake kilikwenda kwenye kitufe cha kufuta. Futa, litoweke! Lakini kikasimama hewani. Akifuta huku, linafutika na kule, na Shemeji atajua kwamba wamejua. Hatangoja muda wa kula. Ataondoka pale pale alipo.

Ila kama kinachofutika huku kinafutika kule, basi hata kinachobadilika huku kinabadilika kule. Wazo hilo lilimjia na kumtisha kuliko yote yaliyotangulia.

"Mchoraji," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba Mchoraji aligeuka. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu Dada aondoke, Chiriku akatoa siri. Aliitoa yote kwa pumzi moja, mkono, plasta, keki, mlango wa kijani. Mchoraji alisikiliza. Alipomaliza, Mchoraji alikuwa ameshashika mkoba wake.

"Hanijui. Ataniamini vipi?"

"Mwambie Chiriku amesema zima redio."

Yalikuwa maneno yake na Dada ya utotoni, kila Mama alipokuwa anarudi nyumbani na hasira na wao wameharibu kitu. Ukisikia hayo huulizi, unaacha ulichoshika na kukimbia. Mchoraji akayarudia mara moja midomoni. "Na wewe?"

"Mimi nabaki. Lazima apate wa kumkuta."

Mchoraji alitoka, na pikipiki ikasikika ikiunguruma chini. Chiriku akafungua jina la Fundi Bomba, akafuta dobi, ngazi na mlango. Mahali pake akaandika kwamba amehama, kisha anwani ya ofisi yao: juu ya duka la matairi, ghorofa ya pili. Hakutaka kumtupia mzigo huo mtu mwingine yeyote, na hapa angalau kulikuwa na watu. Shemeji hakujua Chiriku anafanya kazi wapi, maana kazi hii aliipata baada ya Dada kutoroka. Mtu anayekwenda mahali kwa mara ya kwanza huigusa anwani ili ramani imwongoze, na akiigusa tu, atasoma mpya. Kama hajaigusa tayari. Kama hayuko njiani. Kama simu yake ina mtandao. Akabonyeza hifadhi, na safari hii akasoma herufi ndogo za juu.

Asikudanganye mtu kwamba alikuwa jasiri. Alikwenda chooni mara kwa mara bila haja. Alikaa, akasimama, akakaa. Kila hatua ya ngazini ilimkata maini, na ngazi ile ilipandwa na kila mnunuzi wa tairi aliyepotea. Kuna wakati alitamani Shemeji asije kabisa, kisha akakumbuka kwamba asipokuja huku atakuwa amekwenda kule, akaanza kuomba aje. Fikiria mtu kuombea ujio wa yule anayemwogopa kuliko wote. Alikaa akiomba hivyo, mikono ameibana katikati ya magoti.

Lililotangulia mlangoni lilikuwa boksi jeupe.

"Hodi wenyewe," ilisema sauti ya chini nyuma ya boksi.

"Karibu, karibu sana!" Bosi alikuwa ameshatoka ofisini, pua imetangulia. "Keki hiyo? Ya nani tena?"

"Ya mke wangu," alisema Shemeji. "Leo amezaliwa. Nimeelekezwa kwamba nitampata hapa, nimekuja kumshtukiza."

Na wenzake Chiriku, watu wazuri wasiojua lolote, wakapiga makofi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuyasikia akiwa anajua yanamaanisha nini.

Shemeji alizungusha macho taratibu mpaka yakamfikia. Kwa nukta moja uso wake ulikuwa mtupu, hauna tabasamu wala hasira. Kisha tabasamu likarudi mahali pake. "Shemeji! Kumbe ndiko ulikojificha? Basi Dada yako hayuko mbali."

Njia ya dobi ilikuwa ndefu, na magari muda ule ni mengi. Mchoraji alikuwa hata hajafika. Ilibidi mtu huyu akae. Chiriku alifungua mdomo kusema chochote kile, na kilichotoka kilimshangaza yeye mwenyewe.

"Shemeji wangu! Ingia, kaa, kaa hapo, hapana hicho kimevunjika mguu, kaa hiki. Bosi, huyu ndiye shemeji yangu ninayewaambia! Dada ametoka kidogo, anarudi sasa hivi. Jamani umekonda, au ni shati? Mama hajambo? Goti lake? Nilimwambia aache kupanda ile stuli ya jikoni, akasema stuli ni ya baba yako haiwezi kumwangusha, nikamwambia Mama, stuli haina undugu na mtu..."

Na akaendelea. Redio ilirudi hewani. Alisimulia goti la Mama, kuku wa shangazi, meno ya mjomba. Alisimulia feni ilivyoanguka kwenye sahani ya Bosi, na Bosi akadakia kusahihisha kwamba haikuwa sahani, ilikuwa bakuli, na hapo wakapata mengine ya kubishania. Alimwonyesha Shemeji kila meza na kila aliyeikalia. Ulimi haukukwama hata mara moja. Kila Shemeji alipofungua mdomo aulize, alikuta umeshazibwa na hadithi. Na hakuweza kumkatiza. Mtu aliyeishi kwa kusifiwa adabu mbele ya watu angefanyaje? Alikaa kwenye kiti, boksi mapajani, akitikisa kichwa na kutabasamu, mguu mmoja ukigonga sakafu kimyakimya chini ya meza. Chiriku aliuona mguu ule. Hakuthubutu kuutazama tena.

"Anarudi saa ngapi hasa?" Shemeji alifanikiwa kupenyeza.

"Ah, Dada na muda! Unamjua mwenyewe. Unakumbuka siku ya harusi yenu? Gari linangoja, mashahidi wanangoja, yeye anatafuta kiatu..."

Akamsimulia harusi yake mwenyewe, tangu kiatu mpaka picha ya mwisho. Wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu. Yeye alikuwa anamwona Dada kwenye hadithi ile, kijana, kiatu kimoja mkononi, akicheka, na alitaka kulia.

Simu ya Bosi ikaita. Bosi akaipokea, akasikiliza, akapaza sauti: "Chiriku! Mchoraji anasema mchoro umekamilika, ameshautoa."

Chiriku akanyamaza. Hakupanga kunyamaza. Maneno yalimwishia tu, mabega yakashuka, akavuta pumzi ndefu aliyokuwa amenyimwa tangu asubuhi. Na kunyamaza huko ndiko kulikomwambia Shemeji. Alimjua mtoto huyu miaka yote, na hajawahi kumsikia akikatisha hadithi njiani.

Akainuka polepole. Akaweka boksi juu ya meza ya Chiriku, akalisogeza lilingane na ukingo. Akainama karibu na sikio lake, na kwa waliokuwa wakitazama ilionekana kama mtu anamuaga ndugu yake.

"Ile simu umeitunza vizuri," alisema. "Inanipendeza."

Akasimama mlangoni, akatoa simu yake, akaandika kitu kifupi kwa kidole kimoja bila haraka. Akawaaga wote, akamwomba radhi Bosi kwa usumbufu. Viatu vyake vilisikika vikishuka ngazi, hatua za mtu asiye na wasiwasi.

"Mtu wa watu," alisema Bosi. "Sasa keki tunaikata au tunamngoja mwenyewe?"

Chiriku alichukua simu, akafungua programu yake, akabonyeza isome majina upya. Orodha ikashuka. Shangazi, Fundi wa viatu, Mama. Fundi Bomba hakuwepo tena. Mahali pake palikuwa na jina jingine, namba ile ile.

Mke Wangu, familiayetu.

Akaiondoa akaunti. Simu ilimwonya kwamba majina yote yaliyohifadhiwa humo yataondoka, akakubali, na ikawa hivyo. Mama, shangazi, daktari wa meno, wote waliondoka kwa mguso mmoja, ukurasa ukabaki mweupe. Kisha akatapika kwenye ndoo ya taka, na Bosi, ambaye alikuwa ameshashika kisu, akakiweka chini na kuuliza kwa sauti nyingine kabisa kuna nini. Keki ile hakuna aliyeila.

Shemeji alifika mlango wa kijani mchana ule ule. Dobi alisema alikuwa na adabu sana. Aliomba kuonyeshwa chumba, akakuta pazia jipya alilolinunua Dada wiki iliyotangulia, kikombe kilichooshwa, na pasi chini ikiwa bado ya moto, maana Dada aliposikia maneno ya redio hakungoja hata kuichomoa. Shemeji alikaa kitandani muda, dobi alisema, kisha akaondoka. Kwa Mama alipeleka habari kwamba amemsamehe kila mtu.

Dada sasa yuko mji mwingine, kwa watu wa Mchoraji. Chumba chake, kazi yake, wateja waliomzoea, vyote aliviacha kwa mara ya pili. Hakumlaumu mdogo wake hata kwa neno moja, na hilo lilimuuma Chiriku kuliko kama angempiga kofi. Walipoagana kituoni, Dada alimshika kichwa kwa mikono miwili na kumtajia namba yake mpya sikioni. Chiriku akaanza kupapasa mkoba atafute kalamu.

"Hapana," Dada akasema. "Usiandike popote. Iseme."

Akaisema. Akakosea. Dada akamtajia upya, akaisema tena, na tena, mpaka gari likaanza kuondoka na Dada dirishani akitikisa kichwa kuhesabu naye. Ni namba pekee duniani ambayo Chiriku anaijua kwa kichwa, na anaogopa kuipoteza. Anaisema akipiga mswaki. Anaisema akisubiri programu ifunguke, akipanda ngazi za matairi, akisikia viatu nyuma yake. Midomo inacheza, sauti haitoki. Bosi anadhani anasali, na wenzake wanasema siku hizi Chiriku amekuwa kimya sana.